Leo kuko nini? Chakula cha nyumbani na majira yake kwenye malewa za Munigi

Ukitoka Goma asubuhi na kupanda barabara ya Rutshuru, ukifika Munigi utaona moshi unatoka nyuma ya vibanda vya mbao vilivyosimama juu ya mawe meusi ya volkano. Ni wamama wa malewa wanaowasha mbabula. Inapofika saa sita, vyungu viko tayari, mabenchi yamepangwa, na muteja wa kwanza anaingiza kichwa mlangoni na kuuliza swali ambalo kila mkaaji wa hapa analijua: "Mama, leo kuko nini?"

Wengi tunauliza bila kufikiri. Lakini jibu la swali hilo linabadilika kufuatana na mvua, mwezi wa angani na hali ya barabara. Kuna siku jibu ni refu: sombe, lenga-lenga, maharagi mabichi, sambaza, birayi, mateke. Kuna siku jibu ni fupi: "Leo ni muchele na maharagi tu, papa." Anayejua kusikiliza jibu hilo anajua pia namna mashamba ya Nyiragongo, ya Masisi na ya Rutshuru yanavyoendelea.

Katika andiko hili tunaeleza malewa ni nini, chakula chake kinatoka wapi na kwa majira gani, namna ya kukaa na kula, na sababu gani sahani hiyo inastahili kulindwa.

Malewa ni nini

Neno malewa lilitufikia kutoka Lingala. Kule Kinshasa ni jina la restora ndogo ya kando ya barabara, ambamo mama anapika mwenyewe na kuuza kwa sahani. Mwaka wa 2009 mwanamuziki Werrason aliliweka hata kwenye jina la albamu yake, Techno Malewa, na neno likazidi kutembea katika nchi nzima.

Goma kuko restora za aina nyingi. Kuko hoteli za kando ya ziwa, zenye karte iliyoandikwa Kifaransa. Kuko nyumba za nyama ya kuchoma. Malewa inatofautiana na hizo kwa mambo matatu.

La kwanza, anayepika ni mama wa nyumbani, na anapika vile anavyopikia watoto wake. Hakwenda kwenye masomo ya hoteli. Sombe yake ameifunzwa na mama yake, na huyo mama aliifunzwa na wake.

La pili, hakuna karte. Unaangalia ndani ya vyungu, ao unauliza.

La tatu, na ndilo kubwa kuliko yote: wengi hawana frigo. Mama ananunua asubuhi kile kitakachokwisha jioni. Hawezi kuweka nyama ya wiki nzima, wala mboga ya mwezi uliopita. Ndiyo maana chakula cha malewa kinafuata soko, na soko linafuata shamba. Kama shamba limetoa lenga-lenga, tutakula lenga-lenga. Kama halikutoa, hata ukiwa na dola kumi mfukoni hautaipata.

Wanaokula pale ni wamotari, wasukuma chukudu, walimu, wajenzi, wanafunzi, na wasafiri wanaongojea gari. Mwenye cheo na asiye na cheo wanakaa benchi moja na kupitishiana chumvi.

Mwaka wa mkulima, mwaka wa chungu

Munigi ni grupema ya usultani wa Bukumu, katika teritwari ya Nyiragongo. Iko mlangoni mwa muji wa Goma upande wa kaskazini. Kwa sababu hiyo, vyakula vingi vinavyoshuka kutoka Kibumba na Rutshuru vinapitia hapa kwanza. Chukudu zilizojaa mashu, puaro, karoti na magunia ya makala zinateremka, na mama wa malewa anaweza kununua mbele ya watu wa muji.

Mwaka wa mkulima wa Kivu una misimu miwili mikubwa. Wa kwanza unaanza Septemba, mvua inaporudi, na mavuno yake ni Januari na Februari. Wa pili unapandwa kati ya Februari na Machi, na kuvunwa Juni na Julai. Halafu kiangazi kinashika hadi Agosti. Wenye mashamba kwenye mabonde yenye maji wanaweza kupanda mara ya tatu wakati huo wa jua. Sasa tuone namna hiyo inavyoingia ndani ya chungu.

Septemba hadi Novemba, mvua imerudi lakini maharagi ya ghala yanapungua. Ndio wakati wa majani. Lenga-lenga inaota haraka kuliko mboga nyingi: wiki tatu ao ine baada ya kupandwa inaweza kuchumwa. Watu wanakula pia majani ya maharagi, yakiwa bado laini. Mama anayakatakata, anayachemsha kidogo na kuyatia kitunguu na nyanya. Ni mboga ya haraka, inataka makala kidogo.

Desemba hadi Februari, kuko mahindi mabichi ya kuchoma na ya kuchemsha, na maharagi mabichi yaliyotolewa kwenye maganda siku ileile. Maharagi mabichi yanaiva mbio na yana utamu ambao maharagi makavu hayana. Ukiyakuta na birayi ndani ya chungu kimoja, kaa chini na usitafute tena mahali pengine.

Machi hadi Mei mvua ni kubwa, mboga za majani ni nyingi na bei inashuka. Taabu ni barabara. Gari likikwama kwenye matope siku mbili, nyanya zinafika zimeharibika.

Juni hadi Agosti, maharagi makavu mapya yanaingia sokoni. Majani yanakuwa machache, sababu udongo wa hapa, wenye mawe mengi, haushiki maji. Wakati huo malewa nyingi zinaegemea maharagi, sambaza za kukausha na mihogo.

Sombe ni mgeni asiyekosa katika majira yote, ingawa muhogo haupendi sana baridi yetu. Majani yake mengi yanakuja kutoka sehemu zenye joto zaidi. Mawese pia yanapanda kutoka huko chini. Majani ya muhogo yana sumu yakiwa mabichi. Kuyatwanga na kuyachemsha kwa muda mrefu ndiko kunakoitoa. Kwa hiyo mama anayekuambia sombe haijaiva, usimharakishe. Anakulinda.

Sambaza na mwezi

Watu wengi wanadhani sambaza ni samaki wa asili wa ziwa Kivu. Si hivyo. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu maji ya katikati ya Kivu hayakuwa na samaki wa kuyakaa. Walizaana vizuri, na leo ni chakula cha kila nyumba kutoka Goma hadi Bukavu.

Wavuvi wanaenda usiku na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu. Wanawasha taa, sambaza wanafuata mwangaza, halafu wavu unainuliwa. Lakini mwezi ukiwa mzima, ziwa lote lina mwangaza. Sambaza wanatawanyika, taa haiwaiti tena, na wavuvi wanarudi na kidogo.

Kwa hiyo sambaza wana majira yao yasiyofuata mvua. Kila mwezi kuko siku ambazo mama wa malewa atakuambia: "Sambaza ziko za kukausha tu." Kabla ya kukasirika, angalia juu usiku ule. Kama mwezi umejaa, umepata jibu.

Namna ya kuzila ni mbili. Mbichi zinakaangwa kwenye mafuta hadi zikauke, na unazila na kichwa chake chote, na ndimu na pilipili. Za kukausha zinapikwa ndani ya muchuzi wa nyanya, ao zinatiwa ndani ya sombe ili kuipa harufu.

Volkano inapanda mezani

Hauwezi kuongelea chakula cha Munigi bila kuongelea Nyiragongo. Mlima huo wa metre 3.470 ulitoa lava Januari 1977, tarehe 17 Januari 2002, na tarehe 22 Mei 2021. Mwaka wa 2002 ardhi ilipasuka hadi karibu na Munigi yenyewe, na lava ikateremka ndani ya muji wa Goma. Mwaka wa 2021 ilikata barabara ya Rutshuru na kusimama upande wa Buhene, mlangoni mwa muji. Nyumba na mashamba mengi ya teritwari yetu yalifunikwa.

Shamba lililofunikwa na lava ni tofauti na shamba lililochomwa na moto. La moto utalima msimu unaofuata. La lava, watoto wako hawatalilima. Tunaokaa hapa tunajua watu ambao kabla ya Mei 2021 walikula maharagi yao wenyewe, na tangu siku hiyo wanayanunua kwa kikombe.

Volkano inaharibu pia bila kutoa lava. Moshi wake ukichanganyika na mvua, unachoma majani ya maharagi na migomba. Maji ya mvua yaliyopita ndani ya moshi huo yanabeba fluori, ambayo inachafua meno ya watoto.

Lakini majivu ya zamani, yaliyooza karne na karne, ndiyo yaliyofanya udongo wa Kibumba, Rutshuru na Masisi kuwa mzuri hivyo. Birayi, mashu na karoti unazokula Munigi zimeota juu ya kazi ya volkano. Hata ndani ya mawe ya Munigi wamama wanatafuta kashimo kenye udongo na kupanda mateke ao maboga. Mlima huohuo unatunyima na kutulisha.

Kwa Wajapani wanafanya namna gani

Kuko vijana wanaoona aibu kuonekana ndani ya malewa. Wanasema ni chakula cha kijiji. Wako tayari kulipa mara tano ili kula chakula ambacho jina lake tu limetoka mbali. Ndiyo sababu tunataka kuwapeleka kidogo Japani, nchi ambayo nayo inaishi na volkano, ili waone namna watu wengine wanavyokichukulia chakula cha mama yao.

Desemba 2013, UNESCO iliandika chakula cha kienyeji cha Wajapani, kinachoitwa washoku, kwenye orodha ya urithi wa wanadamu. Ni orodha ileile ambamo rumba ya Kongo iliingia Desemba 2021. Washoku ilikubaliwa kwa desturi nzima: kuheshimu majira, kula pamoja na familia hasa mwaka mpya, kutumia vitu vya shamba na bahari ya pale. Sushi, ambayo wengi wetu tunaijua kutoka filamu, ni sehemu ndogo tu ya desturi hiyo.

Chakula cha kila siku cha nyumba ya Kijapani kina mpango mwepesi: muchele, supu moja na sahani tatu ndogo. Wanaita mpango huo ichiju-sansai. Mboga na samaki zinabadilika kwa majira. Majira ya kuchipua wanakula mianzi michanga, majira ya joto vitu vyenye maji mengi, majira ya majani kuanguka uyoga na samaki wenye mafuta, majira ya baridi figili nyeupe zilizopikwa polepole.

Wana neno moja, shun, la kusema wakati ambao chakula fulani kiko kitamu kuliko siku nyingine zote za mwaka. Kinachokuja mapema kina jina lake, hashiri. Kinachokaribia kwisha kina lake pia, nagori. Hata sisi tunajua tofauti hiyo, ingawa hatukuipa majina: mahindi ya kwanza ya Desemba yanauzwa bei kali na watu wanayagombania, ya Januari ni ya kila mtu, na ya mwisho ni magumu kidogo lakini tunayala tukijua hayatarudi haraka.

Katika muji wa Kyoto kuko restora ndogo zinazopika obanzai, maana yake chakula cha nyumbani cha Kyoto. Vyakula vinawekwa ndani ya mabakuli makubwa mbele ya muteja. Muteja anaangalia, anauliza leo kuko nini, anaonyesha kwa kidole, anapakuliwa. Anayepika mara nyingi ni mama mwenye umri. Wageni wanatoka mbali kuja kukaa kwenye viti hivyo vichache. Ukiondoa lugha na vijiti vya kulia, ni malewa.

Kusini mwa Japani kuko muji wa Kagoshima, wenye wakaaji karibu 600.000, unaotazamana na volkano ya Sakurajima. Mwaka wa 1914 ililipuka vikali hata lava ikaunganisha kisiwa chake na nchi kavu. Hadi leo inatoa majivu mara kwa mara. Watu wa pale wamelima kwenye udongo huo figili inayojulikana kuwa kubwa kuliko zote duniani. Mwaka wa 2003 moja ilipimwa ikawa na kilo 31,1. Hawaonei aibu mboga ya volkano yao. Wanaipa jina la mlima wenyewe.

Na hatuhitaji kwenda hadi Asia. Mwaka wa 2017 UNESCO iliandika kwenye orodha hiyo nsima ya Malawi, ambayo ni ndugu kabisa wa bugali wetu. Bugali unaweza kukaa mahali rumba inakaa.

Tofauti ziko, na ni lazima kuzisema. Muteja wa Kyoto akikosa kitu leo, kesho duka litakuwa nacho. Frigo iko, barabara haifungwi. Anafuata majira kwa kupenda. Mama wa Munigi anafuata majira sababu hana njia nyingine. Lakini ujuzi wa mikono yao ni wa namna moja, na heshima ingepaswa kuwa moja.

Namna ya kukaa na kula

Kwa mgeni anayeingia malewa mara ya kwanza, haya ndiyo ya kufuata.

Salimu kwanza. "Jambo mama" inatosha. Anayeingia na kuagiza bila salamu atapata chakula, lakini nyongeza asahau.

Nawa mikono kwa sabuni. Maji yanamiminwa, hayachovywi. Kama hayakuletwa, omba bila haya.

Uliza kuko nini, na uliza pia kipi ni cha leo. Mama mwenye heshima atakuambia ukweli: "Maharagi ni ya leo, sambaza ni za jana." Huyo ndiye wa kurudilia.

Chagua bugali, muchele ao birayi, halafu mboga. Bugali wa Goma mara nyingi ni wa unga wa muhogo, ao wa muhogo uliochanganywa na mahindi. Wa muhogo peke yake unavutika. Wa mahindi ni mgumu kidogo na unashibisha. Unakata tonge kwa mkono wa kuume, unalibonyeza katikati kwa kidole gumba na kuchota mboga.

Ukitaka kujaribu sahani ya nyumbani iliyo kamili, omba bugali, sombe, maharagi kidogo na sambaza tatu ao ine juu. Iko majani, iko nafaka ya kunde, iko samaki. Mwalimu wa afya angesema hivyohivyo kwa maneno marefu zaidi.

Nyongeza ya muchuzi inaombwa kwa upole. Nyongeza ya nyama inalipwa.

Usikae muda mrefu baada ya kumaliza kama watu wanangojea benchi. Sema "asante mama, umepika muzuri". Neno hilo halina bei na linamfikia.

Maji na moto

Kazi ngumu ya malewa haionekani mezani. Munigi haina mto. Mvua ikinyesha, maji yanapotea ndani ya mawe ya lava. Watu wanategemea maji ya mvua, bomba pale linapofika, na bidon zinazobebwa mgongoni ao kwenye chukudu. Kila sahani inayooshwa imebebwa na mtu.

Ndiyo sababu usafi hapa ni jambo la maisha na kifo. Julai 1994, wakimbizi waliotoka Rwanda walijaa Munigi, wakiwa na maji machache juu ya mawe ambamo hata choo haichimbiki. Kolera iliua maelfu na maelfu katika wiki chache. Wazee wa hapa hawajasahau, na ugonjwa huo haujaondoka kabisa katika eneo letu. Malewa nzuri inajulikana kwa mambo madogo: maji ya kunywa yaliyochemshwa ao yaliyotiwa dawa, chakula kinachotoka kwenye chungu kikiwa moto, sahani zilizofunikwa, sabuni mlangoni. Kama kimoja kinakosekana, uliza. Muteja anayeuliza anamsaidia mama na wateja wenzake.

Moto nao ni makala, na makala mengi yanatoka kwenye miti ya eneo la Virunga na Masisi. Bei ya makala ikipanda, vyakula vinavyotaka moto mrefu ndivyo vya kwanza kuondoka: sombe na maharagi makavu. Kuloweka maharagi usiku kucha kunapunguza makala, na wamama wengi wanafanya hivyo.

Barabara ikifungwa

Tulisema mwanzoni kwamba jibu la "leo kuko nini" linafuata mvua, mwezi na barabara. Hiyo ya tatu ndiyo imetuumiza zaidi miaka hii.

Mwishoni mwa mwaka wa 2022 vita vilikata barabara ya Rutshuru. Watu walioacha mashamba yao ya Rutshuru na Kibumba walijaa Kanyaruchinya, jirani yetu, chini ya mahema. Februari 2024 barabara ya Sake nayo ilikatwa, na Masisi, ghala la maharagi na fromaji, ikawa mbali. Mwishoni mwa Januari 2025 vita vilifika Munigi na Goma kwenyewe. Banki zilifunga. Februari kambi za wakimbizi zilibomolewa na watu wakaambiwa warudi, wengine mahali ambapo nyumba haikuwepo tena na msimu wa kupanda ulikuwa unapita.

Katika malewa mambo hayo yalionekana ndani ya chungu mbele ya kusikika kwenye redio. Maharagi yalipungua kikombe. Birayi zikawa chakula cha sikukuu. Muchele uliotoka nje, unga wa nje na samaki wa barafu vikachukua nafasi. Sahani ikawa ileile Septemba, ileile Januari, ileile Juni.

Hapo ndipo hatari yenyewe iko. Sahani isiyobadilika mwaka muzima inamaanisha kwamba kuko mtu ambaye hakupanda, ao aliyepanda na hakuvuna, ao aliyevuna na hakupata njia ya kufikisha. Na mtoto aliyekua miaka mitatu chini ya hema hajui kwamba maharagi mabichi yanakuja Januari. Hajaona mama yake akiyatoa kwenye maganda. Ujuzi ambao haukuandikwa popote unaweza kupotea kwa kizazi kimoja.

Kwa wale waliokimbia, malewa ilikuwa pia mahali pa kukumbuka kwao. Mtu wa Rutshuru anakula maharagi na kusema: "Hii imepikwa kama ya kwetu." Kwa dakika ishirini anakuwa nyumbani, halafu anasimama na kulipa.

Tufanye nini

Hatuna nguvu ya kufungua barabara wala ya kuzima volkano. Lakini kuko mambo yaliyo mikononi mwetu.

Muteja anaweza kuuliza chakula cha majira na kukilipa bila kuona aibu. Mama anapika kile kinachoombwa. Tukiomba muchele wa nje kila siku, lenga-lenga ya jirani itaozea sokoni.

Mzazi anaweza kumtuma mtoto, mvulana ao binti, kukaa karibu na mbabula na kujifunza. Sombe inaiva kwa muda gani, mateke yanamenywa namna gani ili yasiwashe mikono, unajua namna gani kwamba maharagi hayakukaa ghalani mwaka mzima. Mambo hayo yanaingia kwa macho na mikono.

Mwenye kashimo ka udongo kati ya mawe anaweza kutia mbegu ya lenga-lenga mvua ya kwanza ikinyesha. Wiki tatu si nyingi.

Na siku utakapoingia malewa ya Munigi na kuuliza "leo kuko nini?", ukisikia kitu hakiko, usiishie hapo. Uliza tena: "Juu ya nini hakiko, mama?" Kama ni mwezi, ngoja siku chache. Kama ni jua, ngoja mvua. Kama ni barabara, kaa kidogo umsikilize. Atakuambia habari za kule juu ambazo hata sisi wa redio mara nyingine tunazipata nyuma yake.